Mwizi wa Gereji

Shosti, leo nimejiaibisha.

Unakijua kile king'ora cha wezi alichotufungia fundi jana kwenye gereji ya hapa nyumbani? Leo mchana kimelia! Mume yuko kazini, mama mkwe simwoni. Nikanyakua mchi, nikafungua mlango kwa teke: "Toka, mwizi mkubwa wewe!"

Mwizi mkubwa! Nimemwita mama mkwe mwizi mkubwa, na mchi juu!

Jana fundi aliuliza nani huingia humo, apewe namba ya kuzimia king'ora. Mama hatukumtaja hata. Haendeshi, atafuata nini gereji?

Alikuwa ndani ya gari la marehemu baba mkwe. Kiti cha abiria, mkanda kafunga. Cha dereva kitupu.

King'ora kinapasua masikio, yeye ananiambia taratibu, "Nisamehe mwanangu. Huwa tunakaa kidogo tu."