Mama, Umeambiwa Usirudie

Kwako mama, huko uliko,

Mjukuu wako Zuhura, binti yangu, amejifungua kabla ya miezi kutimia. Tulimtoa Maparoni kwa boti ya mashine, tukashika barabara mpaka hospitali ya Kibiti, na mtoto akazaliwa mdogo hata nilipoambiwa, "Babu, mpokee mchumba wako," niliogopa kunyoosha mikono. Unanijua. Mie ni mtu wa kufungua redio za watu na kuzifunga bila kubakisha skrubu, lakini kile kiumbe hakikuwa na skrubu hata moja.

Wamemlaza kwenye kitanda cha joto. Juu yake kuna hita, pembeni taa tatu, na tumboni kabandikwa waya mwembamba kwa stika, ndio unaoipa mashine habari za ngozi yake. Sista wa zamu alitufundisha mara moja tu.

"Kijani, salama. Njano, kaeni macho. Nyekundu, mniite, na msiguse kitu."

Mdogo wangu Mwanahawa akauliza kama ipo na rangi ya sisi kwenda kula. Sista akaendelea na zamu yake.

Nikakukumbuka wewe na jiko la makaa chini ya kitanda cha kamba, alipozaliwa huyo huyo Mwanahawa kule kwenye dungu letu la kulindia shamba, mpunga unakaribia kukomaa na nguruwe wanasubiri tusinzie. Hukuwa na taa yoyote ya kukuambia. Ulikuwa unapitisha shavu juu ya mtoto, halafu, "Toa kaa moja." Natoa. "Rudisha." Narudisha. Nilidhani unanichezea. Kisha unamkanda kwa mafuta ya nazi mpaka anang'aa kama sahani ya wageni, ukisema mtoto akikauka joto linamkimbia.

Kwa hiyo jana mchana, Zuhura amesinzia wodini, nilipomwona Mwanahawa anafungua pindo la khanga na kutoa kichupa, sikumzuia. Harufu ilijaa chumba, na wewe ukawa umeingia. Alimkanda kidogo tu: mgongo, tumbo, miguu iliyo kama vidole vyangu. Nilifurahi, Mama. Niliona sasa tumetimia.

Mara njano ikaanza kupepesa. Nyekundu ikaidakia. Honi ikalia.

Mwanahawa akashika Ayatul Kursiy. Mie nikamwita Sista kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na wakati tunamsubiri nikasoma karatasi iliyobandikwa ukutani: nyekundu ikiwaka bila kupepesa, hita ina hitilafu; nyekundu na njano zikipepesa pamoja, angalia waya wa ngozi. Nikazitazama taa. Sikujua kinachopepesa ni taa au ni mie.

"Zote mbili zinapepesa, Sista!" nikamwambia alipoingia.

Alizima hita kwanza, akaweka mkono kifuani pa mtoto. "Kachemka huyu."

Stika ilikuwa imeteleza, iko shukani peke yake. "Mashine inapima shuka," Sista akasema. "Inadhani mtoto kapoa, inazidisha moto." Akabandika stika mpya. Ikateleza. Akasugua vidole vyake, akavinusa.

"Nani kampaka mafuta?"

Mwanahawa akatazama dari, kama vile mafuta yamevuja kutoka huko.

"Mama yetu," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Marehemu."

Sista akalifuta lile tumbo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akalikausha, akabandika stika nyingine na kuikandamiza kwa kidole. "Basi mwambieni asirudie."

Ndiyo maana nakuandikia.

Nyekundu ilizimika. Njano ikabaki. Mtoto hakulia, hakujinyoosha, na Sista hakuondoa mkono wake pale kifuani. Mama, nimewahi kukimbizwa na kiboko, lakini kiboko ukimwacha nyuma amebaki nyuma. Ile njano haikuwa na nyuma. Nilitamani uniambie nitoe kaa.

Kisha mchumba wangu akapiga mwayo, akakunja uso kwa hasira kama wewe ukiamshwa, akalia. "Haya, amepoa," Sista akasema, akaiwasha tena hita. Kijani ikawaka.

Bado naogopa. Inapowaka kijani naogopa inanidanganya. Asubuhi nilijaribu kupitisha shavu langu juu yake, Sista akanifukuza: "Babu, ndevu hizo!" Basi nimekaa kwenye benchi, nikiitazama taa, nikitazama kifua chake kinavyopanda na kushuka.

Kichupa nimemnyang'anya Mwanahawa. Kipo mfukoni mwangu, nimekifunga kwa mpira. Siku Sista akiubandua ule waya na kusema chukueni mtoto wenu, nitamrudishia, na hapo mtamkanda pamoja mpaka mchoke. Kwa sasa kaa mbali kidogo na tumbo lake, Mama.

Ila usiende mbali sana.

Mwanao,
mtoa makaa