Kasyoka Wawili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nilishuka kutoka Kilungu jana. Miguu imevimba. Mjukuu wangu Mutanu ananiambia nikae chini, mimi namwambia wewe ndiye ukae chini, wewe ndiye uko na tumbo. Amebakisha wiki tano. Basi tumekaa sisi wawili, kila mmoja amenuna kidogo.

Mwalimu wa gumbaru alituambia tuandike kila siku hata mistari mitatu, vidole visisahau. Shule ya watoto sikukanyaga. Nilijua kusoma nikiwa na miaka sitini na saba. Kwa hivyo hii ni yangu, na mtu akiisoma shauri yake.

Kalamu inachosha. Ngozi ya kifundo cha mkono wa kulia imejikunja, inavuta.

Jumanne, 4 Machi

Nimempa mjukuu wangu ile picha ya mama yake. Ni moja tu duniani. Kasyoka wangu, amesimama studio ya Makindu, blauzi ya mistari, mkono kiunoni, anajiona! Mchwa walipanda kwa sanduku langu wakala upande mmoja — sikio, shavu, bega. Wangekula blanketi, hapana, wakala mtoto wangu.

Mutanu alikuwa na miezi minane Kasyoka alipokufa na malaria, mwaka wa ile mvua kubwa. Hamjui mama yake. Hata sauti hajui.

Sasa anataka kumrudisha kwa kompyuta. Mtoto wake wa kwanza alichukua jina la mama ya Muli, bwana yake, vile inatakiwa. Huyu wa pili ni wetu. Daktari amesema ni msichana. Ataitwa Kasyoka. Mutanu huniita Susu, yaani nyanya. Anasema, "Susu, Kasyoka akija nataka akute Kasyoka kwa ukuta."

Nilienda choo nikalia. Basi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda dukani kwake. Ni studio ndogo hapa Wote — picha za pasipoti, picha za harusi, na picha za matanga, hizo ndizo nyingi. Watu huleta marehemu akiwa amekunja uso, wanataka atabasamu kidogo.

Nilidhani brashi ni ya viatu. Kumbe hapa brashi ni kitu kingine. Mutanu anachukua kipande cha ngozi kwa picha, kidogo kama mbegu ya ndengu, anakifanya kama muhuri. Halafu anapaka na huo muhuri mahali pengine, na ngozi inaota! Ameunda nyingi yeye mwenyewe. Ya nywele, ya nguo, ya kuondoa vumbi. Zimejaa kwa kompyuta kama vijiko kwa droo, hajui ipi ni ipi. Karibu zote zinaitwa brashi moja, brashi mbili, brashi arobaini na tatu.

Nilimwuliza, hata mbuzi wangu wana majina, hawa wako umewanyima kwa nini?

Ijumaa, 7 Machi

Tumezipa majina. Kazi ya siku mbili! Mgongo umekufa.

Ya kulainisha uso inaitwa Nthiwa, mama mkwe wangu, maana yeye akiingia kwa ugomvi kila mtu alilainika. Ya nywele na ndevu inaitwa Kisilu, mzee wangu, alikuwa na manyoya kama mbuzi, Mungu amlaze. Ya kwanza kabisa Mutanu aliyoiunda akijifunza ilikuwa na jina tayari: Mutanu. Nikasema hilo ni jina langu kabla halijakuwa lako. Kasyoka alimwita mtoto jina langu, na tangu siku hiyo alikuwa akimwita "mwaitu", mama yangu. Mtoto mchanga hana jino anaitwa mama!

Mutanu akasema basi hiyo brashi ni yetu sote wawili. Sawa.

Intisar wa duka la madera, hapo mlango unaofuata, alikuja kutucheka. Nikampa uji. "Susu, nimefunga!" Nimesahau Ramadhani siku ya tatu mfululizo. Ananiambia wallahi unanitafutia dhambi.

Jumamosi, 8 Machi

Shavu. Leo ni shavu tu kutoka asubuhi.

Mutanu alipaka likawa laini kama yai. Nikakataa. Huyo si Kasyoka, huyo ni mwanamke wa tangazo la sabuni. Kasyoka alikuwa na kovu chini ya jicho, upande huo huo mchwa walikula. Uji ulimchoma akiwa na miaka miwili. Ngozi ilikuwa kama karatasi uliyoifinya halafu ukaikunjua.

Mutanu hakujua habari ya kovu! Miaka ishirini na saba na sikuwahi kumwambia. Akauliza uji ulimwagikaje. Nikasema alivuta sufuria, watoto ni watoto.

Akaunda brashi upya. Punguza. Ongeza. Hapana, sasa ni ukoma huo. Iwe na mng'ao kidogo. Rudisha. Mara kumi, mara ishirini. Kama saa tisa akapaka mara moja — na nikamwona. Niliita kwa sauti, "Kasyoka!" Hata Intisar alikuja mbio.

Mutanu akaandika jina hilo hilo. Brashi Kasyoka.

Jumatatu, 10 Machi

Mashine imekuwa nzito, inafikiri kama mzee. Mutanu anasema brashi zote zikikaa wazi zinaichosha. Amezifunga moja moja, kila moja kwa jina lake, akaziweka kwa folda, halafu akazifuta pale juu. Ukitaka Nthiwa unamwita kutoka kwa folda, anakuja. Jumamosi ataweka nakala nyingine kwa flashi, ikiwa mashine itakufa.

Nilimwambia aweke leo. Akasema Susu nimechoka. Miguu yake sasa ni kama yangu. Tumeiweka yote minne kwa beseni moja ya maji ya chumvi.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianze wapi.

Mutanu alienda kliniki saa tatu. Alikuwa ameunda brashi mpya asubuhi, ya nywele za mbele za mama yake, bado haina jina. Akaniambia, Susu usiguse. Lakini stima ikipotea, ile betri ya chini italia kama kifaranga, na una dakika chache tu. Mwite Intisar, anajua Kiingereza, asevu, yaani aihifadhi kabla mashine haijazima.

Saa nne stima ikapotea. Kifaranga kikalia! Nikapiga kelele, Intisar akaja bila viatu. Akabonyeza. Kisanduku kikatoka, kinataka jina. Anauliza, "Susu, jina gani?"

Nikasema ni nywele za Kasyoka, itaitwa nani tena? Kasyoka.

Akaandika. Kisanduku kingine. Intisar akasoma: "Inasema kuna Kasyoka mwingine hapa. Huyu achukue nafasi yake?"

Nikasema achukue! Jina si ni la hivyo? Kwetu mtu akienda, jina linapewa anayekuja, anachukua nafasi. Hata sikufikiri. Nilifurahi, nikaona kompyuta hii ina adabu, inauliza kama mtu wa ukoo.

Akabonyeza. Stima ikafa kabisa.

Mutanu alirudi saa saba. Akafungua folda. Kasyoka mmoja. Nywele tu. Shavu limeenda, kovu limeenda, limefunikwa, halirudi. Na uso wenyewe alikuwa bado hajaupaka, alikuwa anajaribu kwa nakala, na hiyo nakala hakuisevu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa akashika tumbo na mikono miwili. Intisar ndiye alilia, anasema ni mkono wangu, ni mkono wangu. Nikamwambia nyamaza, mdomo ulikuwa wangu.

Jumatano, 12 Machi

Nimefua nguo zote za nyumba hii, hata zile safi.

Alhamisi, 13 Machi

Tumejaribu tena. Anapaka, ananiuliza, ndiye? Nasema karibu. Anapaka tena. Nasema karibu.

Mwisho akageuka. "Susu, unasema karibu kwa kila kitu."

Ni kweli. Nimetazama hiyo skrini mpaka nikifunga macho naona skrini. Namtafuta Kasyoka akichota maji, akinitukana, akimnyonyesha huyu — kila mahali uso ni ule wa kompyuta, nusu laini, nusu mchwa. Aliyekuwa amebaki akimjua ni mimi peke yangu. Sasa hata mimi sina uhakika.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia macho yana moshi.

Jumapili, 16 Machi

Sikuenda kanisa. Nimelala kitandani nimetazama mabati. Mutanu alileta chai, akakaa kando. Mtoto alipiga teke, Mutanu akaweka mkono wangu hapo. Mkono wa kulia. Nikauondoa.

Aliona nimeuondoa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimesema. Imekaa ndani miaka mingi, imetoka tukichambua mchele, kama kitu cha kawaida.

Kasyoka hakuvuta sufuria. Nilikuwa nimegombana na Kisilu. Nilitoa sufuria motoni kwa hasira, nikageuka haraka, nikimtupia Kisilu maneno, sikutazama nyuma. Kasyoka alikuwa ndiyo anajifunza kutembea sawasawa, alikuwa nyuma yangu, ameshika nguo yangu. Uji ukampata usoni, na mkono huu wangu ukashika kilichobaki. Niliambia Kisilu mtoto amevuta. Nikaambia mama mkwe. Nikaambia daktari. Na Kasyoka alipokua akauliza, nikamwambia yeye mwenyewe: wewe ulivuta, ulikuwa mtundu. Alikuwa akicheka na hiyo hadithi! Anawaambia wenzake, mimi nilipenda uji sana. Alikufa akijua ni yeye.

Mutanu aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akaliweka kando. Jiwe lingine. Nikafikiri sasa ataniambia nirudi Kilungu, na ningeenda, kwa miguu hii hii.

Akatazama mkono wangu, akasema, "Uji huo huo?"

Nikasema uji huo huo, sufuria hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo.

"Leta mkono."

Akageuza kifundo changu kwa mwanga wa dirisha, akakitazama kama anasoma. Kimejikunja, kina mng'ao. Karatasi uliyoifinya ukaikunjua. Nimekivaa miaka yote hii na nimekuwa nikikitafuta kwa skrini!

Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia nisipake mafuta kesho, yataharibu picha.

Jumanne, 18 Machi

Naandika nikiwa dukani, kwa kalamu ya Intisar.

Mutanu alinipiga picha mkono karibu na mlango. "Susu, usitingishike." Natingishika, mimi ni mzee. Intisar akashika kiwiko changu na mikono miwili, amefunga, ana njaa, na bado ananitania: leo Susu ni modo wa magazeti. Picha tisa.

Mutanu akakata kipande, mbegu ya ndengu. Akafanya muhuri. Akaweka chini ya jicho la Kasyoka, akabonyeza mara moja.

Sikuita jina safari hii. Sikusema karibu. Nilishika kiti. Mutanu hakuniuliza ndiye au siye, alinitazama uso akajua. Akapaka polepole mpaka kwa sikio, anapangusa macho kwa bega. Alipomaliza akasema, "Kwa hivyo nimefanana na yeye hapa," akajigusa kidevu. Nikamwambia na mdomo pia, kwa bahati mbaya, mdomo wake ulikuwa mkali.

Uso ukaseviwa salama. Kwa mashine na kwa flashi, leo hatungojei Jumamosi. Ikabaki brashi yenyewe. Jina?

Nikasema chochote ila Kasyoka.

Akasema ni ngozi yako, itakuwa na jina lako. Akaandika Mutanu. Kisanduku kikatoka tena, kile kile! Sasa nakijua kwa sura. Akanisomea, na sauti ikapungua akiwa katikati: kuna Mutanu mwingine hapa. Huyu achukue nafasi yake?

Ile ya kwanza. Ya kujifunza.

Intisar akapiga kelele kutoka mlangoni, "Susu, usijibu!" Tulicheka mpaka Mutanu akashika tumbo akasema mkojo, mkojo, akakimbia choo cha nyuma. Ameniacha hapa. Usiguse, Susu. Fikiria jina lingine.

Nimekaa mbele ya kisanduku. Chini kina maneno mawili ya Kiingereza, moja la ndiyo na moja la hapana, sijui lipi ni lipi. Mikono yangu iko hapa kwa kalamu, yote miwili, mtu asije akasema.

Wiki iliyopita ningesema achukue. Jina ni la hivyo. Nimekuwa mzee, Mutanu mwingine yuko, ana mkono thabiti kuliko wangu. Lakini niliona vile kompyuta inafanya. Haimweki wa kwanza kando ampishe mgeni. Inamfuta.

Nasikia ndara zake zinarudi. Ataniuliza jina.

Taa imepepesa mara moja. Kifaranga bado hakijalia.