Mti wa Mama Umeanguka

Detif, Kisiwa cha Lemuy,
22 Novemba 1991.

Mpendwa kaka Sofanor,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Mgongo wako unaendeleaje, na huko Punta Arenas baridi imepungua? Sisi wazima. Mama macho yamekwisha kabisa, lakini viazi anakula na maneno anayo.

Nisamehe mwandiko. Nimeshainuka mara tatu tangu nianze barua hii, kwenda kutazama kijiti uani.

Habari yenyewe ni hii: mti wa mama umeanguka. Upepo wa kaskazini uliung'oa mwezi wa Julai, mizizi juu. Mti ule nimekuandikia habari zake mara nyingi. Matufaha ya majirani huoza kwa mvua yangali mitini, ule haukutunyima chicha, pombe yetu ya matufaha, hata mwaka mmoja.

Ungekuwepo ungesema, basi si mkate tawi mlichimbie ardhini. Tawi gani, kaka? Mume wa Ester wangu, yule wa Santiago, alikuja Mei na kisu. Vile vinundu vya mashinani mwa matawi, vinavyotoa mizizi, alivikwangua vyote akapaka chokaa.

"Mama, mti wenu ulikuwa na ukurutu, nimeutibu," akaniambia, anatabasamu.

"Umeuhasi!" nikamwambia. Hata leo sijui kama alinielewa.

Lilibaki tawi moja tu la juu, ambalo ngazi haikulifikia. Agosti nikalikata chini ya vinundu, nikaondoa vijitawi, nikalizika mpaka usawa wa goti langu. Sasa ni Novemba na halijatoa hata jani. Nalala vibaya. Juzi nililikwaruza gome kwa ukucha nione kama ndani kuna ubichi, kisha nikajilaani, maana huenda nimeliumiza.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Nikamwambia mama nitamwandikia Sofanor akate tawi kwenye mti wake, ule uliotoka kwenye tawi la mti wetu wa zamani ulilompa siku ya safari, atume na meli.

Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Mti gani, mwanangu? Tawi lake alilitupa baharini kabla mashua haijapita rasi. Maji yaliniletea ufukweni siku ya pili, likiwa bado ndani ya gunia, na fundo nililofunga mwenyewe. Nikalipanda hapo uani. Huo ulioanguka ndio wa Sofanor."

Nilikaa kitako jikoni. Miaka ishirini na mitano unatuandikia jinsi mti wako unavyochanua! Mimi ndiye niliyemsomea mama barua hizo, kwa sauti, naye anamenya matufaha yako na kuitikia, "Vizuri, vizuri." Nilikukasirikia siku mbili nzima. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema ulikuwa kijana mwenye mizigo mingi, na tangu hapo unaona haya kurudi.

Ni kweli, kaka? Ni kwa sababu ya tawi?

Nisalimie shemeji Rosalba na watoto. Ester anakusalimu, na mumewe pia, ambaye sasa haruhusiwi kushika kisu hapa kwangu. Mungu akulinde na pepo za huko.

Sijui kama kijiti kitashika. Lakini mama amenituma nikuandikie neno kwa neno: usilete tawi, na usiandike tena habari za maua. Njoo tu, mikono mitupu hivyo hivyo.

Dada yako asiyeacha kukupenda hata akinuna,
Edita