Harufu ya Mafuta Kwenye Majani Yangu

Jumamosi jioni, Boito.

Mvua ya mawe imepiga saa nane na kuacha migomba imechanika kama matambara. Sasa kuna ukungu na baridi ya kuuma vidole. Nimeketi jikoni nikiandika kwa simu, na mikono yangu bado inanuka petroli ingawa nimeiosha mara tatu kwa sabuni ya kipande. Leo sina utani mwingi. Nimejikasirikia tangu asubuhi.

Nianze na Alhamisi.

Alhamisi nilichuna chai mwenyewe, kwa sababu sina mchunaji. Majani mawili na chipukizi, polepole, mgongo ukilia, hadi nikajaza magunia mawili. Nikayapakia kwenye kigari changu cha dizeli, kile chenye injini chini ya kiti cha dereva, nikateremka hadi kituo tunakouzia majani. Karani akamwaga gunia la kwanza mezani, akashika konzi moja, akanusa. Akanusa tena. Kisha akaniangalia kwa huruma niliyoichukia.

"Mama Njeri, hata wewe? Hii ni mafuta."

Foleni nzima ilikuwa inatazama. Nikarudisha majani kwenye gunia. Nilikuwa nimechuna mimi na nimebeba mimi, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumsukumia lawama.

Wiki sita kabla ya hapo, mtu alikuwapo.

Mama Kiptoo amechuna chai yetu tangu mama mkwe wangu akiwa hai. Nyumba yake inapakana na shamba, na magunia yakijaa huyaweka kwenye kivuli cha ukuta wa jiko lake mpaka nifike na gari. Karani alipokataa majani yetu mara ya pili kwa sababu ya harufu, nilipandwa na hasira. Nilisimama mbele ya foleni nikasema kwa sauti kwamba mama huyu anapika kwa stovu ya mafuta ya taa kando ya majani yangu, na kwamba nimemwonya mara nyingi lakini hasikii.

Ngoja niandike ukweli hapa, maana sijausema popote. Sikuwahi kumwonya. Sikuwahi hata kuingia jikoni mwake. Nilitaka tu watu wasidhani uchafu ni wangu.

Yeye mwenyewe alikuwa pale foleni, akasema maneno machache tu. "Si mimi. Nusa gari yako." Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Tangu siku hiyo wanamwita Mama Taa. Hakuna mtu hapa karibu anayempa shamba achune, kwani nani anataka majani yake yarudishwe? Amekuwa akitembea hadi upande wa Kimulot kutafuta kibarua kwa watu wasiomjua. Nimemwona mara mbili asubuhi akipita na kikapu chake mgongoni, na mara zote mbili nimejifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Basi Alhamisi, nikirudi na magunia yaliyokataliwa, maneno yake yakanirudia. Nikanusa. Sikusikia chochote. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mume wangu Kamau kila akipanda gari hili hufungua dirisha hata mvua ikinyesha, na mimi humwambia anadeka. Pua yangu imeshazoea, kumbe.

Jana Ijumaa nikafanya jaribio. Nilichuna konzi mbili za majani. Moja nikaifunga kwa kitambaa safi na kuiweka nyuma ya kiti, nikaendesha hadi Litein na kurudi. Nyingine niliiacha mezani nyumbani. Nikamwambia Kamau afumbe macho, nikampa zote mbili anuse.

"Hii ni chai," akasema. Kisha akakunja uso. "Na hii ni gari."

Akafumbua macho, akaniangalia kidogo. "Mama Kiptoo anajua?"

Nikakusanya majani nikayatoa nje.

Fundi wangu wa Litein nimempelekea gari hili mara tatu kwa sababu ya mafuta yanayolowesha injini. Kila mara huipangusa kwa kitambaa, hushusha kiti, na kuniambia, "Mathe, dizeli lazima itoe jasho. Isipotoa jasho, hiyo imekufa." Nami nikaridhika. Nilipenda kuambiwa kwamba hakuna shida, na yeye alijua napenda.

Leo asubuhi sikwenda kwake. Baba yangu alipotoka Nyeri kuja huku alifungua mashine ya kusaga mahindi kule Kipkelion, na injini yake ya dizeli ilipovuja hakubahatisha. Aliiosha, akaikausha, akainyunyizia unga, kisha akaiwasha. Mafuta yakitoka, unga unalowa kuanzia pale pale yanapoanzia. Alikuwa akituambia mafuta hushuka, kwa hiyo usilaumu cha chini kabla hujaangalia juu. Alikuwa anazungumzia boliti, lakini leo nimeyasikia maneno hayo vingine.

Nikainua kiti, nikaosha injini kwa sabuni, nikangoja ikauke kabisa, nikanyunyiza unga wa ngano kote. Nikawasha gari uani, nikaliacha lingurume nusu saa. Chini, ambako fundi hupangusa, unga ulibaki mweupe. Juu, pale bomba la hewa linapoungana na injini, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba unaoteremka hadi kwenye bomba la moshi. Bomba hilo lina moto, na kila tone lililofika pale liliungua na kutoa moshi mwepesi ambao hata kuuona ni kazi. Moshi huo hupenya nyuma ya kiti. Nyuma ya kiti ndiko magunia hukaa.

Nilizima, nikaacha injini ipoe, nikatoa waya wa betri, nikafungua boliti nne za valvu ya hewa. Ni kikombe cha chuma chenye kisahani ndani, kinachofunguka na kujifunga ili kuipimia injini hewa. Kisahani chenyewe sikukiona. Niliona masizi yaliyochanganyika na oili, mazito kama lami, na gasketi ya kuziba kiungo iliyoliwa upande mmoja ambako mafuta yalipata njia. Nilikwangua kwa kijiti nisije nikakwaruza chuma, nikasugua kwa mswaki wa zamani na petroli, nikapangusa, nikasugua tena. Bomba dogo la kupumulia la injini nalo lilikuwa limeziba nusu. Nikalisafisha kwa waya niliouzungushia kitambaa. Fulana mbili za Kamau zimekwisha hapo. Nikaweka gasketi mpya, moja kati ya chache nilizonunua jana Litein kwa kubahatisha, kabla sijajua mafuta yanatokea wapi, na kwa bahati ikaingia. Nikanyunyiza unga tena, nikawasha tena, nikangoja. Kila mahali pakabaki peupe.

Ningepaswa kufurahi. Niliketi kwenye ndoo nikaona uchungu tu, kwa sababu kazi yote ilikuwa ya asubuhi moja, na Mama Kiptoo alikuwa ameshaniambia pa kuanzia.

Mvua ilipokatika nilibeba kilo mbili za sukari nikaenda kwake. Nilimkuta jikoni anasugua kwa mkaa kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha. Hakuinuka, lakini alinisogezea kigoda. Mle ndani kuna mafiga matatu, kuni za mikaratusi zilizopangwa vizuri, na ukuta mweusi wa moshi wa miaka mingi. Nilitafuta stovu kwa macho. Naona aibu kuandika hivyo, lakini niliitafuta, kila pembe, hata chini ya kitanda cha kuni. Ningeiona hata iliyovunjika ningeshukuru.

Hakuna stovu. Haijawahi kuwapo.

Nikamweleza yote, valvu, unga, konzi mbili za majani. Nikamwambia arudi shambani. Alinisikiliza huku mkono wake ukiendelea na kibuyu. Nilipomaliza, akauliza kwa upole kabisa:

"Mama Njeri, hiyo stovu uliona kwangu ilikuwa ya rangi gani?"

Nikatazama sukari iliyokuwa mapajani mwangu. Hakuwa anataka kuniumiza, alikuwa anataka jibu.

"Sukari rudi nayo," akasema mwishowe. "Ulinisema kwa foleni. Usikuje kuniomba msamaha kwa jikoni."

Kisha akaniambia saisere, kwaheri ya kwao, akainamia kibuyu chake.

Nimemsimulia Kamau. Anasema nimwambie karani pembeni tu, kwamba gari lilikuwa na hitilafu, habari itaenea yenyewe. Nakiri nimelifikiria wazo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Neno hitilafu ni tamu, maana halina mwenyewe. Lakini valvu haikusema nimemwonya mara nyingi. Valvu haikumpa stovu.

Jumatatu lori la majani linakuja. Nitafika watu wakiwa wamejaa, nitasema gari ndilo lililokuwa linanuka, na kwamba ile stovu niliitunga mimi. Kama atakubali kurudi kuchuna au la, hilo ni lake.

Nimejaribu kuyasema maneno hayo hapa jikoni, peke yangu, na sauti inatoka ndogo. Siku ile hakuna aliyeniomba nipaze sauti, na hadi mtu wa mwisho kwenye foleni alinisikia. Jumatatu ni huyo huyo wa mwisho ambaye lazima anisikie.