Njia ya Makaburini Imefagiwa

Jumatatu, 6 Juni 1960
Nimefunga vidonda tangu asubuhi hapa zahanati ya kijiji. Chupa ya dawa nyekundu inakwisha, na gari la dawa kutoka Kasongo halijafika. Dereva mmoja anasema Wazungu wa hospitali wanafunga masanduku. Sawa. Nitatibu watu kwa maji ya moto na maneno.

Jioni nimemkuta mke wangu Sifa akifua shati la Kalume. Mtoto wetu huyo alikufa kwa surua mvua zilizopita. Shati halikuwa na uchafu wowote. Niliogopa kuuliza.

Jumamosi, 11 Juni
Nimeelewa kwa nini Sifa anafua shati lile, na hasira imenipanda. Wakati wa kura, yule mgombea mwenye kipaza sauti alisimama hapa kijijini akapayuka kwamba siku ya Uhuru vyote tulivyopoteza chini ya Wazungu vitarudi. Nadhani alikuwa na maana ya mashamba na kodi. Watu wamesikia vyote. Waliokufa kwenye machimbo ya dhahabu. Waliopelekwa kubeba mizigo ya vita wasirudi. Watoto wa surua. Yeye amepata kura zake, ameondoka. Sisi tumebaki na maneno yake.

Jumanne, 14 Juni
Kapita, anayetusimamia kazi za serikali, amegawa vipande vya njia. Kila nyumba kipande chake, kung'oa majani na kufagia, kama kila mara Bwana Administrata, Mzungu mkuu wa wilaya, anapokuja kukagua. Lakini si barabara kubwa ya Kabambare. Ni njia ya makaburini. Hakuna faini, hakuna kelele. Sijawahi kuona kazi ya njia ikifanywa bila mtu kunung'unika.

Kipande chetu ni cha mwisho, kinapakana na makaburi. Sifa ndiye aliyekiomba.

Jumapili, 19 Juni
Nimemwambia Sifa waziwazi: aliyekufa amekufa, nilimfumba macho kwa mkono wangu. Hakukasirika. Alinitazama kama mimi ninavyowatazama wagonjwa.

"Baba Kalume, weye uko munganga ya vidonda tu. Hii haiko kazi yako."

Kisha akaendelea kusonga ugali. Nimekula bila kusikia ladha.

Naichukia njia ile. Kuku hawaivuki. Wanafika ukingoni, wanageuka. Kuku! Nami nimesimama pale kuwatazama, mtu mzima mwenye kazi.

Alhamisi, 23 Juni
Bwana Administrata amepita, safari yake ya mwisho. Mke na watoto ameshawapeleka kwao. Barabara kubwa ilikuwa na majani hadi magotini, na hakumtoza mtu faini. Akaiona njia yetu, nyeupe, imenyooka. Akauliza inaenda wapi.

"Haiendi, Bwana," Kapita akamjibu. "Ile iko ya kukuya."

Ya kuja, si ya kwenda; hakuna aliyecheka. Mimi nikathubutu kuuliza dawa zitatoka wapi sasa. Alisema bunge la kwao limekata shauri, serikali yetu mpya itaona. Miaka yote walitukagua hata vyoo. Kuondoka wameamua upesi hivi. Nilimtaka aondoke, na bado nilitaka kumshika shati. Aliingia garini bila kuikanyaga njia ile.

Jumatano, 29 Juni
Watoto wote wamekatazwa kuikanyaga njia ya makaburini. Jua halijazama na watu wameshaingia ndani, milango wazi. Sifa ametandika kitanda kidogo, ametundika shati juu yake. Anaimba polepole, wimbo aliokuwa akimlaza nao Kalume.

Asipokuja, sijui kesho nitabaki na mke gani. Ee Mungu, na akija pia naogopa.

Alhamisi, 30 Juni
Uhuru. Redio ya Kapita imetoa hotuba na shangwe za mji mkuu mchana wote. Hapa hakuna aliyeshangilia. Watu walikaa milangoni na nguo za sikukuu, nyuso zimeelekea njia. Hata wazee. Hata Kapita. Hakuna mgonjwa aliyekuja kwangu, kama vile hakuna tena anayeumwa.

Jua limezama. Hakuja mtu. Mmoja mmoja wamefunga milango. Sifa hakulia. Mlango wetu ameuacha wazi.

Ijumaa, 1 Julai
Nimeamka kabla ya Sifa. Nimechukua ufagio wake nikaenda kufagia kipande chetu, asije akakikuta kimechafuka. Mimi, munganga wa vidonda.

Karibu na makaburi nimekuta nyayo. Ndogo, miguu mitupu. Zinatoka kule, zinaelekea nyumbani, zinakoma katikati ya kipande chetu. Nimejiambia ni mtoto wa jirani, mtundu yeyote. Nimesimama pale hadi umande ukakauka.

Kisha nimefagia pande zote, nyayo nimeziacha. Sifa bado amelala. Mlango sijaufunga.