Papa, Ulinificha Kidonda

Papa,

Nimekukasirikia. Mama anasema marehemu hakasirikiwi. Mimi wangu namkasirikia, na namwandikia.

Tangu ulipoanguka kutoka kwenye paa la depo kule Kipushi na uti wa mgongo ukavunjika, nilikuosha miguu, nikakukata kucha. Lakini kiunoni ulinizuia. "Hapana, mwana. Binti haweki macho pale. Iko bien, iko muzuri." Ikabaki kazi ya Mama, na Mama mtoto wa jicho umemziba macho, anakuosha kwa kupapasa.

Na kile kiti cha magurudumu! Wageni walikileta, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyekupima. Kilikuwa kipana, kitambaa kimelegea, nawe bila kushika kitu unaanguka. Ukinywa chai, mkono mmoja kwenye kikombe, mwingine unang'ang'ania kiti. Kutwa nzima umelalia upande wa kulia, uzito wote juu ya tako moja lisilohisi chochote. Mtu wa kine, yule wa mazoezi, alituambia mlangoni siku ya kutoka hospitali: "Mumugeuze-geuze." Basi. Mtu aliyekaa anageuzwaje? Hakueleza.

Nilisikia harufu, Papa. Nikafua blanketi. Nikafua tena. Nilijua, nikakuheshimu! Hilo ndilo linalonichoma.

Siku nilipokufunua kwa nguvu ulilia, ukasema sina adabu. Shimo la kidonda lilikuwa limefika mfupani. Daktari akaniuliza mbele za watu, "Mulikuwa wapi?" Nilikuwa pale pale, chumba cha pili! Sumu ilikuwa imeshaingia damuni. Wiki mbili hazikuisha, tukakuzika.

Jana nilikwenda kwa jirani yetu, Ba Kasongo, aliyevunjika mgongo kwenye ajali ya lori njia ya Mokambo. Mkewe akasema, "Kidonda? Hapana, haiko." Nikamuuliza, "Umeangalia?" Akaja kumshika miguu mumewe. Tukamgeuza sisi wawili, huku Ba Kasongo akitutukana sisi na wazazi wetu wote. Takoni palikuwa na doa jeusi, ngozi bado nzima, lakini ya moto ukiigusa. Tukamlaza kifudifudi. Leo hakai kitini. Kesho pia hakai.

Nitakwenda kila asubuhi, Papa, nimeahidi mbele ya mkewe. Anichukie akitaka, mradi yuko hai.

Lala sasa. Sikuombi msamaha kwa kukufunua. Naomba msamaha kwa kuchelewa.

Binti yako,
Ngalula