Kompyuta Yenye Lebo

Jumamosi, 2 Agosti

Nimefungua belo la makoti ya mitumba asubuhi. Nusu yake ni matambara ya kufutia meza. Na bado nimerudi nyumbani mshindi.

Mimi nina bahati. Si ya kuombewa, ni ya kuzaliwa nayo. Watu wanazunguka mjini wiki nzima wakitafuta kompyuta ya mtoto wa chuo. Mimi nimetumia dakika ishirini. Arkedi moja ya maduka, duka moja, mkono mmoja. Kulikuwa na kompyuta zilizotumika Ulaya, zimepangwa moja juu ya nyingine kama sahani za harusi. Nikapitisha mkono, nikavuta ya tatu kutoka chini. Ndiyo yenyewe.

Nimeichagua ninavyochagua koti. Nikaifungua na kuifunga mara tano, bawaba hazilii. Nikainusa, haina sigara. Herufi zote zipo kwenye vitufe. Halafu nikaigeuza, nikakuta lebo. Kibandiko cha rangi ya fedha, jina la kampuni ya huko na namba ndefu. Kwenye mitumba, koti lenye lebo yake ndilo tunaita kamera, daraja la kwanza. Linatoka kabla ya mengine na halipunguzwi bei. Zile kompyuta nyingine hazikuwa na lebo hata moja. Nikaongeza pesa kidogo kwa ajili ya hiyo lebo. Muuzaji, kijana wa kofia nyekundu, alinitazama sana. Hawajazoea mteja anayejua.

Nekesa alikuwa na orodha kutoka chuoni. Nekesa ni binti wa kaka yangu, anaishi na mimi hapa mtaani Bwaise tangu alipomaliza sekondari. Anaanza kusomea upimaji wa ardhi. Orodha ukurasa mzima: RAM ngapi, kadi ya picha ipi. Alitaka twende wote. Nikamwambia muuzaji akiona mwanafunzi bei inapanda. Orodha ilikwenda mjini kwenye pochi yangu, ikarudi kwenye pochi yangu.

Amenikumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Nimejisikia vizuri sana.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya kanisa nimeipitisha kompyuta kwa majirani. Mama Zamu, Mnubi wa mlango wa pili, aliweka chini kikapu anachosuka. Akaigeuza huku na huku.

"Hii inapika?"

"Inapika ramani."

"Basi ikishindwa uniletee. Nitakatia nyama."

Nikamwambia mimi nimeosha madirisha Dubai ghorofa ya thelathini, nimeuza sabuni Juba, siwezi kudanganywa na mtoto wa arkedi. Akasema mwaka jana ghorofa ilikuwa ya kumi na mbili. Nyumba za Dubai zinarefuka tu.

Hana adabu. Nampenda.

Jumanne, 12 Agosti

Chuo kimefunguliwa wiki iliyopita. Nekesa anaondoka asubuhi na mkoba mgongoni, anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Anaandika masomo humo. Inawaka haraka. Nimewaambia wanawake wa sokoni wote, hata wale ninaonuniana nao.

Alitaka kubandua lebo, inamkwaruza goti. Nimekataa. Ukitoa lebo umeshusha bei.

Jumatatu, 18 Agosti

Mvua. Wateja watatu, koti moja.

Leo nimekumbuka kwa nini Nekesa anasoma upimaji. Jirani alisogeza mpaka wa shamba la kaka yangu huko Bungoma, hatua nne. Mpimaji aliitwa. Akala kuku, akapima, hatua nne zikabaki kwa jirani. Nekesa alikuwa na miaka tisa. Ndiye aliyeshika ncha ya kamba siku hiyo. Alisema atarudi kuipima mwenyewe. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 21 Agosti

Kuna kitu. Programu ya kuchorea ramani haikubali kuingia kwenye ile kompyuta. Inaandika kwamba msimamizi hajaruhusu. Nekesa akaniuliza msimamizi ni nani. Nikasema ni wewe, mashine ni yako, iambie.

Haiambiki.

Ijumaa ya wiki ijayo wanawasilisha ramani ya kwanza. Asiyewasilisha anarudia somo zima mwakani.

Ijumaa, 22 Agosti

Siku mbaya.

Mwenzake wa darasa alimshauri aifute yote ianze upya. Wakaifuta. Ilipoguswa tu na intaneti ya chuo, likatokea kwenye skrini jina la kampuni, lile lile la kwenye lebo. Ikadai barua pepe ya mfanyakazi na nenosiri lake. Haifungui kitu kingine. Sasa ni kioo cha kujitazamia.

Nekesa alinieleza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Lebo ile ni namba ya mali ya ofisi. Kampuni ilitoa mashine lakini haikuifuta kwenye vitabu vyake. Kila ikianza upya inamtafuta mwenyewe.

Kwa hiyo lebo niliyoilipia ni alama ya mali ya watu. Miaka kumi na saba ya mitumba.

"Senge, muuzaji alikwambia nini?" Ananiita Senge, ndivyo kwetu tunavyomwita dada wa baba.

Nikasema hakuniambia kitu. Nilijibu haraka.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimekwenda arkedi peke yangu. Nilivaa koti langu zuri.

Kijana wa kofia nyekundu alinikumbuka. Hakujificha.

"Mama, nilikwambia siku ile ile."

"Uliniambia nini? Uliniambia karibu."

Nikapandisha sauti. Watu wakajaa mlangoni. Nikawaambia wizi wa mchana, mimi mjane, ninasomesha. Nikasema najua haki zangu. Mzee mmoja mwenye mfuko wa nyaya akauliza zipi. Watu wakacheka, nami nikacheka, mdomo huu haujui kubaki nyuma.

Kijana hakucheka. Akasema, "Lete risiti, mama, tuisome hapa mbele ya watu."

Nikasema imepotea.

Haijapotea. Iko ndani ya Biblia.

Nyumbani nimemwambia Nekesa kwamba yule ni mwizi mwenye kiburi. Ameamini. Sijisikii vizuri.

Jumatatu, 25 Agosti

Maji ya mvua yameingia tena ndani. Yamefika kwenye ngazi ya pili. Tumepandisha godoro juu ya meza, kompyuta juu ya kabati. Mashine haifanyi kazi na bado tunaiokoa kwanza.

Nekesa anachorea kwenye kompyuta za chuo. Kuna foleni, kila mtu saa moja, halafu unarudi nyuma ya mstari. Amefika robo ya ramani. Leo ameuliza kama kuna kozi isiyohitaji kompyuta. Akasema labda ualimu. Aliuliza huku anakamua tambara, hakunitazama.

Nikatania kwamba mwalimu asiyetabasamu watoto watamkimbia. Utani haukufika popote.

Jumanne, 26 Agosti

Sikufungua kibanda.

Jumatano, 27 Agosti

Mwenzake yule wa darasa ana mjomba askari. Wamepanga kesho saa nne waende arkedi naye wakamkamate kijana wa kofia. Nekesa amerudi ana macho makali, amekaa wima. Sijawahi kumwona hivyo.

"Alimwona ni mama wa watu, akamwibia," alimwambia Mama Zamu hapo mlangoni. "Lazima alale ndani."

Alikuwa ananitetea. Mtoto niliyemlisha ananitetea. Nilipaswa kufurahi.

Mama Zamu akanitazama juu ya kikapu chake.

"Mtu wa Dubai, leo umenyamaza."

Nikasema jino linauma.

Nimemfikiria yule kijana. Ana mama mahali fulani. Akiingia selo hakuna atakayeuliza kuhusu lebo. Watauliza ana nini mfukoni. Watachukua na duka. Mimi ninajua wanavyofanya, nimewahi kumtoa mtu.

Naogopa. Naogopa kusema kuliko ninavyoogopa yatakayompata nikinyamaza. Hiyo ndiyo hali yangu.

Alhamisi, 28 Agosti

Nilimwambia saa kumi na mbili asubuhi, akiwa anafunga viatu. Nilisema yule kijana hana kosa, piga simu askari asije. Nikampa risiti. Aliisoma akiwa bado na kiatu kimoja. Kwenye risiti kijana aliandika kwa mkono kwamba mashine imefungwa na kampuni iliyoimiliki na mteja amekubali.

Sikujitetea. Nilisubiri matusi. Akapiga simu, akamwambia mwenzake wamekosea duka. Akanificha hata mbele ya huyo. Kisha akasema, "Orodha iko wapi, Senge?"

Ilikuwa bado kwenye pochi, imekunjwa nne.

Tukaenda arkedi pamoja. Aliitandaza kwenye meza ya kijana, wakaanza kuipitia mstari kwa mstari. Hii kumbukumbu inatosha ramani? Hii ikiwa na intaneti inauliza nani? Ianze upya hapa, nione. Kijana akaianzisha upya, wakasubiri wote wawili mikono kifuani. Ikawaka. Haikumtaja mtu. Akaweka programu ya kuchorea pale pale, Nekesa akafungua ramani, akaizungusha, akaivuta karibu mpaka nyumba zikaonekana.

Mimi nilishika mkoba.

Waliyoichagua ni mbaya. Nzito, ina ufa kwenye kona, herufi A imefutika kabisa. Kwenye belo ningeitupa upande wa matambara. Kijana aliipokea ile yetu kwa ajili ya skrini na betri. Tofauti nimelipa mimi, kwa pesa ya belo lijalo. Wiki mbili nitauza mabaki.

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yakatoka mawili. Akavuta kigoda, akakipangusa.

"Kaa, mama. Umesimama sana."

Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 29 Agosti

Nekesa amewasilisha ramani saa tisa alasiri. Hakulala jana. Sasa amelala na viatu. Nimemfunika kwa koti la belo la mwezi uliopita, lile ambalo halikupata mteja.

Maji yameshuka. Ukuta umebaki na mstari wa tope. Mama Zamu ameleta ugali na mboga, hakuuliza kitu, akaondoka na sahani ya juzi.

Hakuna aliyeniambia niandike hii. Naandika.

Tarehe mbili sikuwa na bahati yoyote. Niliandika uongo humu ndani, ambamo msomaji ni mimi peke yangu. Niliingia duka lile nikamsalimia kijana kwa Kiingereza changu cha Dubai, nikamwambia nimetembea nchi nyingi. Naye akaniheshimu, akaniambia yote kwa Kiingereza, akayaandika kwenye risiti kwa Kiingereza hicho hicho, kabla sijalipa. Nilishika maneno mawili, kampuni na ofisi. Nyuma yangu walisimama wateja wawili wenye tai. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo, nikatia na kicheko.

Sikuelewa. Niliona aibu kuuliza.